Mtoto asiyeona na kompyuta inayosema

Swali moja huulizwa katika nyumba nyingi za Geita na Shinyanga pindi majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu yanapotoka, na huulizwa kwa sauti ya chini ili mhusika asisikie: "Huyu atatumiaje kompyuta na macho yenyewe hayaoni?" Anauliza mjomba. Anauliza jirani. Wakati mwingine anauliza baba mzazi, ambaye tayari ameuza mbuzi kwa ajili ya nauli na godoro, na sasa anaambiwa kwamba chuoni kazi zote huandikwa kwa kompyuta.

Si swali la kejeli. Mtu aliyeiona kompyuta kwa mbali, pale steshenari anapopeleka cheti kutolewa kopi, anaona kioo kinachowaka na kijana anayekikodolea macho. Ni rahisi kuamini kwamba bila macho kifaa hicho ni sanduku tu.

Ukweli ni kwamba kompyuta haidai macho ya anayeitumia. Inadai vidole vyake, masikio yake na subira yake. Watoto wasioona wa ukanda huu wana hivyo vyote vitatu, na subira wanayo kuliko wenzao. Wanachokosa ni kuanza mapema. Wengi hukigusa kifaa hicho mara ya kwanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, katika wiki ileile ambayo wahadhiri wameanza kufundisha na hakuna wa kuwasubiri.

Wanatoka wapi

Kanda ya Ziwa na Magharibi ina shule za zamani zilizowapokea watoto wasioona tangu wazazi wa leo walipokuwa wadogo. Tabora kuna Furaha. Misungwi, mkoani Mwanza, kuna Mitindo. Bukoba kuna Mugeza Mseto. Shinyanga mjini kuna Buhangija, jina ambalo kila mtu wa mkoa huo analijua, na si kwa sababu ya masomo peke yake.

Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhamiri katika mikoa ya Ziwa, Buhangija iligeuka kimbilio. Kulikuwa na imani potofu kwamba viungo vyao huleta utajiri, na imani hiyo ilishika hasa kwa baadhi ya watu wanaotafuta mali kwa kubahatisha, wachimbaji wa dhahabu na wavuvi wakiwa miongoni mwao. Wazazi waliwatoa watoto vijijini usiku, serikali ikawapeleka wengine, na shule iliyokuwa ya wasioona na viziwi ikajaa mamia ya watoto wenye ualbino. Wengine walifika wakiwa hawajaanza hata darasa la kwanza. Waliokuwa wadogo wakati ule sasa ni watu wazima, na baadhi yao wamefika chuo kikuu.

Ualbino hutajwa hapa kwa sababu wengi husahau kwamba ni jambo la macho pia, si la ngozi tu. Mtu mwenye ualbino ana upungufu wa rangi ndani ya jicho lenyewe. Sehemu ya nyuma ya jicho inayopaswa kuona vitu vidogo haikukomaa ipasavyo, macho hucheza bila yeye kutaka, na mwanga mkali humuumiza. Miwani humsaidia, lakini haimfanyi aone kama wengine. Darasani haoni ubaoni hata akikaa mbele. Huyu huitwa mwenye uoni hafifu, na njia yake ya kujifunza kompyuta ni tofauti na ya mwenzake asiyeona kabisa.

Kundi la pili ni hao wasioona kabisa. Wapo waliozaliwa hivyo, na wapo waliopofuka utotoni kwa sababu ambazo zingeweza kuzuiwa: surua kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A, trakoma isiyotibiwa, dawa za majani zilizotiwa jichoni, kipande cha jiwe kilichoruka wakati watu wazima wakiponda mawe machimboni na mtoto akicheza pembeni. Louis Braille, Mfaransa aliyebuni maandishi ya nukta nundu, alipofuka hivyohivyo. Alizaliwa mwaka 1809, na akiwa na miaka 3 alijichoma jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake aliyekuwa fundi wa ngozi. Zana za kazi za mzazi na macho ya mtoto ni habari ya siku nyingi.

Binti wa machimboni

Achukuliwe binti wa mfano. Hana jina kwa sababu si mmoja. Maisha yake yamejengwa kwa mambo yanayowapata wengi wa aina yake. Alizaliwa katika kijiji cha wachimbaji wadogo mkoani Geita. Mama yake ni mama lishe, huuza ugali na dagaa kwa vijana wanaotoka mashimoni. Surua ilimpata akiwa na miaka 4, na ilipoondoka iliondoka na macho yake.

Miaka miwili alikaa nyumbani. Si kwamba mama hakumpenda. Alimpenda mno, kiasi cha kutomruhusu hata kuchota maji kwenye ndoo. Mwalimu mmoja aliyekuwa akila pale kwa mama ndiye aliyesema kwamba zipo shule zinazowafundisha watoto kama huyu, na kwamba kumficha ni kumzika akiwa hai. Mama alilia, kisha akafunga mizigo.

Shuleni bweni binti alijifunza nukta nundu, kwanza kwa kibao na kalamu ya kuchoma karatasi, kisha kwa mashine. Mashine ya Perkins, ambayo ndiyo iliyozoeleka katika shule hizi, ina vitufe 6, kimoja kwa kila nukta, na cha katikati cha nafasi. Ina uzito wa karibu kilo 5 na hupiga kelele kama cherehani mbovu, lakini inafundisha kitu kikubwa: kwamba vidole vinaweza kukumbuka mahali pa kila herufi bila macho kuvisaidia. Binti hakujua wakati ule kwamba anajifunza nusu ya kompyuta.

Alifaulu darasa la saba, akafaulu kidato cha nne, akafaulu cha sita. Katika miaka yote hiyo vitabu vya nukta nundu vilikuwa vichache. Kitabu kimoja cha kawaida kikigeuzwa kuwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa makubwa, hivyo shule ikiwa na nakala moja ni bahati. Sehemu kubwa ya masomo yake aliipata kwa kusomewa na wenzake. Wakichoka, somo linaishia hapo. Wakiruka ukurasa, yeye hajui.

Alipopiga simu nyumbani kusema, "Mayu, nimechaguliwa chuo kikuu," mama alipiga vigelegele mpaka wateja wakasimama. Usiku ule ndipo lile swali la kompyuta lilipoulizwa.

Vidole kwanza

Vyuo vikuu kadhaa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma vikiwa miongoni mwake, vina kitengo cha kuwahudumia wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Huko ndiko mafunzo ya kompyuta huanzia kwa wengi, na mwalimu mzuri haanzi kwa kuwasha kompyuta. Anaanza kwa kuizima.

Mwanafunzi anawekewa kibodi mbele yake na kuambiwa atafute vitufe viwili vyenye kijinundu kidogo. Kipo kimoja kwenye herufi F na kingine kwenye J, katika kila kibodi ya kawaida duniani. Wenye macho wengi hawajawahi kuviona. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hukaa kwenye F, cha kulia kwenye J, na kutoka hapo kila herufi ina kidole chake na umbali wake. Wiki ya kwanza ni kuchapa jina lako, jina la mama, jina la kijiji. Kwa aliyezoea mashine ya nukta nundu, mambo huenda haraka.

Kisha huwashwa programu inayoitwa kisoma skrini. Kazi yake ni kugeuza kila kilichopo kwenye kioo kuwa sauti: ukichapa herufi inaitaja, ukifungua faili inalisoma, ukikosea inakuambia uko wapi. Programu hizi hazikubuniwa na watu waliowahurumia wasioona kwa mbali. JAWS, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1989, ilianzishwa na Mmarekani Ted Henter, aliyekuwa mshindani wa mbio za pikipiki kabla ya kupoteza macho kwa ajali ya gari. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akaungana naye James Teh. Wote wawili hawaoni. Kwa familia ya Geita tofauti ya programu hizo mbili ni kubwa: leseni ya kudumu ya JAWS inaweza kuizidi bei kompyuta yenyewe, ilhali NVDA hutolewa bure.

Siku za kwanza sauti hiyo ni adha. Inasema haraka, inasema kila kitu, na inasema Kiingereza cha puani. Ikikutana na maandishi ya Kiswahili bila kubadilishiwa lugha, huyasoma kama Mzungu aliyeshuka jana kwenye ndege, na neno "ng'ombe" hutoka kama kitu kisichojulikana malishoni. Wengi huvunjika moyo hapa kwa kudhani mashine haijui lugha yao. Kumbe NVDA huja na sauti ya Kiswahili ndani yake. Ni suala la kuichagua kwenye mipangilio. Na kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, mashine hukisoma bila kubahatisha sana.

Mwanzoni sauti hupunguzwa kasi. Baada ya mwezi huongezwa kidogo. Baada ya mwaka mwanafunzi anasikiliza maneno zaidi ya 300 kwa dakika, mara mbili ya kasi ya msomaji wa taarifa ya habari, na mtu akimsogelea anadhani redio imeharibika.

Jambo la tatu ni kusahau kipanya. Mwalimu wa kompyuta aliyezoea wanafunzi wenye macho husema, "Sogeza mshale pale juu, bonyeza ile alama ya bluu." Kwa asiyeona, hayo si maelekezo. Yeye huendesha kila kitu kwa kibodi: Alt na Tab kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine, Ctrl na S kuhifadhi, mishale kupita mstari kwa mstari. Kwenye ukurasa wa intaneti hubonyeza herufi H kuruka kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine, au T kutafuta jedwali. Anayejua njia hizi hufika anakokwenda kabla mwenye kipanya hajaupata mshale wake.

Mwenye uoni hafifu ana darasa lake

Kijana mwenye ualbino aliyekulia Buhangija akiwekwa katika darasa hilohilo, mara nyingi huharibikiwa. Yeye anaona, ila si vya kutosha. Akilazimishwa kutegemea sauti tupu huhisi amepofushwa. Akiachwa na kioo cha kawaida huinamia mpaka pua iguse, na jioni kichwa kinamgonga.

Kompyuta ina dawa yake ndani, haihitaji kununuliwa. Kwenye Windows, kitufe chenye alama ya Windows kikibonyezwa pamoja na alama ya kujumlisha hufungua kikuzaji kinachofanya herufi kuwa kubwa kama mtu apendavyo. Rangi zinaweza kugeuzwa, mandhari yawe meusi na maandishi meupe au ya njano, ili mwanga usimchome. Mwanga wa kioo hupunguzwa. Kompyuta huwekwa mahali ambapo dirisha haliko mbele yake wala nyuma ya kioo. Na pale maandishi yanapokuwa marefu, anaweza kuongeza sauti ili macho yapumzike. Anayejua kuchanganya njia mbili humaliza kitabu; anayetegemea macho peke yake huishia sura ya pili.

Wengi wao hawaombi msaada huu. Wamezoea kuambiwa "wewe unaona bwana," na wamejifunza kunyamaza.

Ukuta usioonekana

Mwanafunzi akishajua kompyuta, hukutana na kizuizi kingine ambacho si kosa lake. Mhadhiri anatuma somo. Faili linafunguka, kisoma skrini kinasema: "Tupu." Si tupu. Ni kurasa za kitabu zilizopigwa picha kwa mashine, na kwa kisoma skrini picha ya maandishi si maandishi. Darasa zima linasoma, yeye ana karatasi nyeupe.

Zipo programu za kugeuza picha kuwa maandishi, na mwanafunzi mzoefu hujifunza kuzitumia. Lakini kurasa zikiwa zimepinda, zimefifia au zimepigiwa mistari kwa kalamu, kinachotoka ni vurugu ya herufi. Wakati huo hukumbuka kwamba mhadhiri angetuma faili lilelile alilolichapa mwenyewe, kazi hiyo yote isingekuwapo. Hesabu, takwimu na michoro ni ngumu zaidi, kwa sababu grafu haina la kusema isipokuwa mtu aiandikie maelezo. Na yule anayefundisha kwa kuelekeza kidole ukutani, "kama mnavyoona hapa," hajui kwamba sentensi moja ya ziada ingetosha: "hapa bei imepanda mara mbili ndani ya miaka mitatu."

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya wanafunzi hawa kupata elimu na kupata taarifa kwa njia wanazoweza kuzitumia. Mwaka 2020 Tanzania ilijiunga pia na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu vyenye hakimiliki kugeuzwa kuwa nukta nundu, sauti au maandishi ya kompyuta kwa ajili ya wasioona. Sheria ipo. Faili tupu nalo lipo. Kati ya hayo mawili anasimama mwanafunzi anayeogopa kumgongea mhadhiri mlango mara ya tatu.

Siri ya mtu

Hata hivyo, anayedhani kompyuta ni kwa ajili ya masomo tu hajaishi na mtu asiyeona.

Yule binti, mwaka wake wa kwanza, alikuwa na simu ya vitufe. Ujumbe ukiingia alimpa mwenzake wa chumbani amsomee. Ujumbe wa mama alisomewa. Ujumbe wa matokeo ya zahanati alisomewa. Ujumbe wa kijana aliyempenda alisomewa kwa sauti, na chumba kizima kikacheka. Namba yake ya siri ya kutolea pesa waliijua watu watatu. Pesa za mama zilipitia kwa kaka yake aliyeko mjini, kwa sababu nyumbani waliamua kwamba yeye "atazipoteza," na zilimfikia zikiwa pungufu. Siku boom lilipoingia, aliambiwa bado. Alikuja kujua baada ya siku tisa, fedha zikiwa zimepungua, na hakuwa na namna ya kuthibitisha nani alifanya nini.

Hakuna kozi ya chuo inayofundisha namna ya kustahimili hilo. Mtu mwenye macho ana mambo mangapi ambayo hajawahi kumsomesha mwingine? Asiyeona asiyejua teknolojia hana hata moja. Maisha yake ni barua iliyo wazi.

Muhula wa pili alipata simu janja iliyotumika. Simu hizi nazo zina kisoma skrini ndani. Katika mipangilio kuna sehemu iitwayo Ufikivu, na humo kuna TalkBack kwa simu za Android. Alifundishwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, naye asiyeona, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za bweni. Gusa mara moja, inataja. Gusa mara mbili, inafungua. Siku hiyo alisikiliza ujumbe wake peke yake, sikioni, kwa mara ya kwanza maishani. Ulikuwa ujumbe wa kampuni ya simu kuhusu bando. Aliurudia mara nne.

Kilichofuata alikifanya bila kumwambia mtu. Alibadilisha namba yake ya siri. Kisha akampigia mama: "Mayu, kuanzia sasa nitumie mwenyewe, usipitishe kwa kaka." Mama alinyamaza kidogo, akauliza kama ana uhakika. Kaka alinuna na kusema dada amekuwa na kiburi cha chuo. Zilipita wiki kadhaa bila kuzungumza. Lakini pesa zilianza kufika kamili, na mama, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, akaelewa kuhusu kompyuta jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemweleza.

Nyumbani ndiko kwa kuanzia

Wazazi wengi wa mtoto asiyeona hukosea upande mmoja kati ya miwili. Wapo wanaomficha kwa aibu, wakiona kumsomesha ni kutupa mawe shimoni. Na wapo wanaomlinda mpaka anakuwa mgeni wa vitu vyote: hashiki kisu, hashiki moto, hashiki simu "asije akaivunja." Wa pili hujiona wema kuliko wa kwanza, na pengine ni wema kweli, lakini mtoto wake hufika chuoni akiwa hajawahi kubonyeza kitu chochote kilichompa jibu.

Simu ya nyumbani ni darasa la kwanza. Ikiwa ni simu janja, hata yenye kioo kilichopasuka, sauti ya kusoma ikiwashwa mtoto wa darasa la sita anaweza kuizoea ndani ya wiki chache. Ataharibu mipangilio, atapiga simu kwa watu usiku, atamaliza bando. Wenye macho nao walianza hivyohivyo. Ndugu zake wafundishwe pia kumwelekeza kwa maneno badala ya kumshika kidole: "kushoto kwako, kitufe cha pili," wala si "hapa."

Kipindi cha thamani zaidi ni kile kati ya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei na chuo kufunguliwa mwishoni mwa mwaka. Vijana wengi wasioona hukimaliza wakiwa wamekaa nyuma ya nyumba. Miezi hiyo inatosha kujifunza kibodi yote. Kibodi ya zamani, hata isiyounganishwa na kompyuta yoyote, hupatikana kwa fundi kwa bei ya chakula cha siku chache, na vidole havijui kama imeunganishwa au la.

Familia ikiwa na uwezo wa kununua kompyuta mpakato, si lazima iwe mpya wala ya bei mbaya. Iliyotumika, yenye betri nzima na kibodi isiyokwama, inatosha, na kisoma skrini cha bure huwekwa kwa kupakua mara moja. Fedha iliyobaki inunue vitu viwili ambavyo wazazi husahau: spika nzuri za masikioni, kwa sababu asiyeona bila spika hizo huwasumbua darasa zima au huzima sauti na kukaa gizani, na flashi ya kuhifadhia kazi, kwa sababu kompyuta ikiibwa bwenini, na huibwa, kazi ya muhula isiende nayo.

Maombi ya mkopo hufanyika kwa mtandao, na mwombaji mwenye ulemavu hutakiwa kuwa na fomu ya uthibitisho iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Mzazi aishughulikie mapema, si siku ya mwisho pale mgahawa wa intaneti unapojaa. Na kijana akijaziwa fomu na mtu wa mgahawani, akumbuke kubadilisha nywila yake jioni ileile.

Kwa ambaye hawezi kusafiri mbali, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, Shinyanga ukiwa mmoja wa mikoa hiyo. Kusoma ukiwa nyumbani kunafaa, ila kunadai ujuzi wa kompyuta kuliko hata kusoma chuoni, kwa kuwa hapo hakuna mwenzako wa kitanda cha juu wa kukusomea.

Waliotangulia

Wanaouliza kama elimu hii ina mwisho mwema wana watu wa kuwatazama. Abdallah Possi, mtu mwenye ualbino, alisoma sheria hadi shahada ya uzamivu, akafundisha Chuo Kikuu cha Dodoma, akateuliwa naibu waziri mwaka 2015 na baadaye kuwa balozi nchini Ujerumani. Amon Mpanju, mwanasheria asiyeona, alikuwa mjumbe wa Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, kisha akateuliwa naibu katibu mkuu katika Wizara ya Katiba na Sheria. Kazi za namna hiyo ni za kusoma makaratasi kuanzia asubuhi hadi usiku. Hawakupewa kwa kuhurumiwa.

Lakini mtoto hahitaji kuwa balozi ili juhudi iwe na maana. Wengi watakuwa walimu katika shule za kata, maofisa ustawi wa jamii, watangazaji wa redio za mikoani. Wengine watarudi Buhangija na Mitindo kufundisha, na hilo lina uzito wake, kwa sababu mwalimu asiyeona akiingia darasani na kompyuta inayosema, watoto wanaomsikiliza hawaulizi tena kama inawezekana. Wanauliza zamu yao ni lini.

Wachimbaji wadogo wana desturi ya kutolitupa jiwe kabla ya kulisaga na kuliosha, hata likionekana jiwe tupu, kwa sababu dhahabu nyingi ya Geita haionekani kwa macho. Wanavumilia jiwe lisiloahidi kitu kwa siku nzima. Mtoto asiyeona katika nyumba hizohizo anaomba uvumilivu mdogo kuliko huo: simu ya nyumbani kwa saa moja jioni, kibodi chakavu, na mtu mzima asiyemnyang'anya pale anapokosea.